Sanda Mahali pa Tairi

Katika miaka ishirini na minane ya kuosha maiti wa kike wa Kiislamu wa Tukuyu na vijiji vyake, Mwanaharusi binti Hasheem alikuwa amejifunza jambo moja kuhusu simu: inayoita kabla ya chai haileti habari za harusi. Jumanne ile iliita saa tatu kasorobo, ukungu ungali umekaa juu ya mabati ya mtaa wao wa Bagamoyo, na aliyepiga alikuwa Yusra wa Nkunga.

"Mama, dada Asia ametutoka."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Lini, mwanangu?"

"Usiku. Wanasema aliteleza jikoni, akajigonga." Yusra alishusha sauti ikawa kama anaongea ndani ya kanga. "Wanasema, mama. Mimi nimefika alfajiri nikakuta mlango umefungwa. Shemeji hataki mwanamke yeyote aingie. Anasema atamwosha mwenyewe, sheria inamruhusu mume kumwosha mkewe. Na anataka tuzike mara baada ya adhuhuri."

"Hajakosea. Sheria inamruhusu," alisema Mwanaharusi, kwani alikuwa mtu wa kusema kweli hata isipompendeza. Kisha akakumbuka kitu, na kikombe alichokuwa amekiinua akakirudisha mezani bila kunywa. "Mwambie nakuja. Mwambie Asia aliniusia."

Wasia wenyewe ulitolewa kabla ya Ramadhani, katika darasa la akina mama msikitini. Siku hiyo Mwanaharusi alifundisha namna ya kuosha maiti na kumkafini kwa sanda, kwa kutumia mwanasesere wa matambara aliyemshona mwenyewe. Wenzake walipokwisha kuondoka, Asia alibaki nyuma akikunja mkeka ambao tayari ulikuwa umekunjwa.

"Mama, mwosha akiona kitu mwilini mwa maiti, anasema?"

"Hasemi. Aibu ya maiti hufunikwa. Mwosha ni kaburi la kwanza."

Asia aliuvuta mkono wa baibui ukafunika kiganja chote, ingawa siku hiyo jua lilikuwa kali. "Basi mimi nikifa unioshe wewe. Si mwingine."

"Wewe mtoto wa juzi! Wewe ndiye utakayenizika mimi," alijibu Mwanaharusi, akacheka, akatafuta ndara zake mlangoni.

Sasa kicheko kile kilimrudia, na hakikuwa kitamu. Mtu alikuwa amebisha hodi, naye kwa kanuni alizokariri alikuwa amemfungia mlango.

Mwanaharusi alizaliwa Bagamoyo hii ya Tukuyu, ambayo haina bahari ila mvua. Babu yake alipanda kutoka Kilwa na marobota ya kaniki, akaoa huku, akafia huku. Kazi ya kuosha maiti aliirithi kwa mama mkwe wake, na pamoja na thawabu aliurithi upweke wake. Zamani alikuwa akikaanga vitumbua kando ya barabara, na vilikuwa vitamu, lakini mikono yake ilipojulikana wateja walianza kupita upande wa pili. Mmoja alimwambia waziwazi, "Bi mkubwa, si ubaya, ila nikikitafuna nakumbuka." Akaacha vitumbua, akaanza kuuza vitenge. Kitenge hufuliwa kabla ya kuvaliwa, alikuwa akisema, kitumbua hakifuliwi.

Mwenye kumpeleka kwenye misiba alikuwa Mudathiri, mtoto wa mdogo wake, seremala mwenye Probox kuukuu ambayo siku za kawaida ilibeba abiria na mikungu ya ndizi. Alifika kabla ya saa nne, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi zake.

"Vyombo viko wapi?" aliuliza Mwanaharusi alipoona viti vya nyuma vitupu. "Sanda, beseni, kopo langu?"

"Vimo, Mama mkubwa. Nimevitafutia mahali pake. Panda twende."

Alipanda. Hakuuliza ni mahali gani.

Walitoka mjini wakashika barabara kuu, taa zikiwaka asubuhi hiyo kama jioni. Ukungu ulikuwa umeufuta Mlima Rungwe wote, na mashamba ya chai yalionekana safu mbili tatu tu kisha yakaisha kwenye weupe. Walipoiacha lami na kuingia barabara ya udongo, simu ya Mwanaharusi iliita tena. Safari hii alikuwa Anwari, mume wa marehemu, mfanyabiashara wa mbao.

"Shikamoo, mama. Nasikia unajisumbua kuja."

"Marahaba. Pole kwa msiba, baba. Si usumbufu. Mkeo aliniusia nimwoshe."

"Aliusia lini? Mbele ya nani?"

"Mbele ya Mungu na mkeka wa msikiti."

Anwari akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayemkumbusha mzee dawa zake: "Barabara ni mbaya, na umri umekwenda. Kumbuka mama, mwosha naye huoshwa." Simu ikakatika.

"Kasema nini?" aliuliza Mudathiri.

"Kasema barabara ni mbaya."

Na hapo, kana kwamba barabara ilikuwa ikisikiliza, gari lilipiga mlio wa *pwaa!*, likainama upande wa kushoto, likaburuza hatua kumi na kusimama.

Mudathiri alishuka. Mwanaharusi alimsikia akipiga teke kitu cha mpira. Alishuka naye, akiinua baibui lisiguse tope. Tairi la mbele lilikuwa limelala chini kabisa. Jiwe lenye ncha lilikuwa limelichana ubavuni, mpasuko wa kuingiza vidole vitatu.

"Hii si pancha ya kuziba," alisema Mudathiri. "Hapo fundi wa pancha atakupa pole tu."

"Haya, weka spea. Saa nne na nusu hii."

Mudathiri hakujongea.

"Mudathiri. Weka spea."

"Mama mkubwa..." Alijikuna shingo. "Njoo uone."

Alifungua mlango wa nyuma, akafunua zulia, akainua ubao wa sakafu. Kwenye shimo la duara ambamo kila Probox hulaza tairi lake la akiba palikuwa na sanduku zuri la mbao, lililopigwa randa na kupakwa vanishi, limekata kona kufuata umbo la shimo. Mudathiri akainua kifuniko. Humo vilikuwamo sanda iliyokunjwa, pamba, chupa ya marashi, karafuu maiti ndani ya kikaratasi, beseni, na kopo la bluu.

Mwanaharusi aligusa kona ya sanduku, kisha akamgeukia.

"Abiria walikuwa hawapandi," alisema Mudathiri upesi upesi. "Siku ya mnada mama mmoja aliona beseni, akauliza la nini, nikamwambia. Alishuka na kuku wake wote. Wenzake nao wakashuka. Basi nikafikiri, nivifiche chini, mtu asivione. Spea iko karakana, nimeiwekea kibao, naikalia."

"Umeikalia."

"Nisamehe, Mama mkubwa."

"Unawaficha watu mauti ili wasogee karibu nayo," alisema Mwanaharusi, lakini bila ukali, kwa maana alikumbuka vitumbua. "Funika hiyo sanda isiingie unyevu. Kisha tufikiri."

Hapakuwa na mengi ya kufikiri. Simu zote mbili zilionyesha mnara mmoja, halafu hakuna kabisa. Kutuma mtu Tukuyu kuleta spea kungekula saa mbili, na hapakuwa na mtu wa kutuma. Nkunga kwa Anwari zilibaki kilomita sita za kupanda, na nyonga ya Mwanaharusi ilikuwa haijapanda kilima tangu masika ya mwaka juzi. Mudathiri alikata matawi mabichi akayapanga barabarani, mbele na nyuma ya gari, kama desturi ya madereva, ili anayekuja katika ukungu asiwagonge. Baada ya hapo walisimama wakisikiliza. Majani ya migomba yalidondosha maji. Zaidi ya hayo, dunia ilikuwa kimya.

Kisha ikasikika pikipiki, ikishuka kutoka juu, upande wa Nkunga.

"Alhamdulillahi," alisema Mudathiri.

Ilitokea ghafla ndani ya weupe na kusimama kwenye matawi. Aliyeiendesha alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, koti la mvua la njano, kofia ngumu imening'inia kwenye usukani. Aliwatazama, akatazama tairi, na uso wake ukaonyesha kitu kilichofanana na ahueni.

"Ninyi ndio mnaokwenda kwa Anwari? Mimi naitwa Ezron. Nimetumwa niwaambie mrudi tu. Kazi imeshaanza."

"Imeanza?" Mwanaharusi alimsogelea. "Nani ameanza?"

"Yaani... maji yako jikoni. Yanachemka."

"Kwa hiyo haijaanza."

Ezron aling'ata mdomo. "Mama, mimi nimeambiwa niseme hivyo."

"Sikulaumu. Nipakie basi. Nitakaa upande, nitakushika vizuri, mfuko wangu nitaupakata."

Ezron aliangalia sanduku lililokuwa wazi nyuma ya gari, akaona weupe wa sanda, akarudi nyuma hatua moja. Lakini haikuwa sanda tu. "Pikipiki hii ni ya Anwari, mama. Niko kwenye mkataba. Akiniona nimekupakia leo, kesho nalima."

"Asia ulimjua?"

Kijana alivaa kofia yake, akachelewa kuifunga. "Alikuwa ananipa chai," alisema. "Kila asubuhi nikienda kuchukua pikipiki. Jana hakunipa. Dirisha halikufunguliwa." Aligeuza pikipiki pale pale kwenye tope. "Rudini, mama. Tafadhali."

Ukungu ukamfunika, na mlio ukapungua mpaka ukaisha.

"Jana asubuhi," alisema Mwanaharusi polepole. "Yusra kaniambia amekufa usiku wa kuamkia leo."

Mudathiri aliokota jeki akaanza kuliinua gari, ingawa hakuwa na kitu cha kuweka mahali pa gurudumu. Wakati mwingine mikono hutangulia akili.

"Mugonile," ilisalimu sauti nyuma yao.

Mzee mmoja alikuwa amesimama baina ya migomba, mundu mkononi, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi. Ni shamba lake walilokuwa wameegemea. Aliitwa Asajile, na huenda alikuwa amewatazama muda mrefu kabla ya kusalimu.

"Tumelala salama, mzee," alijibu Mwanaharusi. "Ila tumeamkia hapa."

"Naona. Spea?"

"Hatuna."

"Gari bila spea!" Asajile alichekea puani. "Hata mimi na miguu yangu miwili natembea na fimbo. Mwaenda wapi?"

"Nkunga. Kwa Anwari, mwuza mbao. Amefiwa na mke."

Kicheko kilikatika. Mzee aliuhamisha mundu kutoka mkono huu kwenda ule. "Tena?"

"Tena vipi, mzee?"

"Si yule wa kwanza alikufa mwaka ule wa mvua nyingi? Alianguka. Wakasema kisimani. Tulikwenda kuzika, tulikuta kila kitu tayari."

Mwanaharusi aliukumbuka msiba ule. Hata siku ile alifunga mkoba, na kabla hajatoka nyumbani akaletewa habari kwamba hana haja ya kuja, mume amemwosha mkewe mwenyewe. Alimshukuru Mungu. Zaidi ya kushukuru, kwa mwaka mzima alimtolea mfano darasani: jamani wanaume wenye huruma bado wapo, tazameni yule wa Nkunga. Asia, ambaye wakati huo alikuwa msichana asiyeolewa, alikuwa akikaa safu ya mbele.

"Mzee wangu," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "nahitaji kufika huko kabla ya adhuhuri. Hata kwa magoti."

Asajile alimtazama usoni, kisha akatazama sanduku, kisha tairi. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye matrekta ya shamba la chai, na matrekta yalimfundisha kutoulizauliza. "Magoti hayana haja," alisema. "Kijana, toa gurudumu hilo. Mimi naleta majani."

Mudathiri aliwahi kusikia jambo hilo, kujaza tairi majani mahali pa upepo, likisemwa na madereva wa zamani, lakini hakuwahi kuliona likitendwa. Asajile alirudi na mtaimbo begani, na nyuma yake akivuta furushi kubwa la majani makavu ya migomba. Yalikuwa makavu kweli, kwani yalitoka bandani, alikofunikia ndizi za kuivisha. "Ya shambani yameloa," alieleza. "Ndizi zangu zitalala uchi leo."

Walilikalisha gari juu ya gogo, wakalaza gurudumu chini ya ubavu wake. Asajile alisimamisha jeki juu ya mpira wenyewe na kuipandisha ikisukuma tumbo la gari, mpaka ukingo wa tairi ukaachana na rimu kwa mlio kama mfupa uliotenguka. Mwanaharusi aliufahamu mlio huo. Kisha mtaimbo, na upande mmoja ukafunuka kama mdomo. Wakaanza kushindilia. Mudathiri alishindilia kwa mpini wa nyundo, Asajile kwa ngumi, na Mwanaharusi alichutama kwenye tope, akakunja majani na kuyasokota kamba nene, akiwapa moja baada ya nyingine.

"Kaza," alisema Asajile. "Zaidi. Likilegea litasagika unga kabla ya kona ya kwanza. Mama, wewe unasokota vizuri kuliko huyu."

"Nimezoea kufunga vitu visifunguke," alisema Mwanaharusi.

Mzee alielewa, akapokea kamba nyingine.

Saa tano na nusu ilipita. Pale mpasuko ulipokuwa, majani yalitokeza nje kama utumbo. Mudathiri alivua mkanda wa suruali yake na kulifunga tairi hapo, kisha wakarudisha ukingo ndani ya rimu kwa mtaimbo na kwa bismillahi nyingi. Lilisimama. Halikuwa duara kamili, lakini lilibeba uzito wa gari bila kulala.

"Mwendo wa maiti," alisema Asajile. "Ukikimbia litashika moto. Ukiona moshi mweupe, endelea. Ukiona mweusi, shuka ukimbie."

"Ndaga, baba," alishukuru Mwanaharusi kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo."

Asajile alimpa mkono wake, akaushika wa Mwanaharusi, ule ule ambao wateja wa vitumbua waliukimbia, kwa mikono yote miwili, wala hakujifuta baadaye.

Safari ya kilomita sita ilichukua muda kama wa kuvuka nchi. Gari lilikwenda likichechemea, dum, dum, dum, kama ngoma moja isiyobadilika. Mudathiri aliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha akitazama gurudumu. Harufu ya majani yanayoungua iliingia ndani. Kwenye kila nyumba waliyoipita watu walisimama mlangoni kutazama gari linalotoa moshi kutoka mguuni, na hakuna aliyepunga mkono. Mwanaharusi alisoma dua kimoyomoyo, lakini kati ya aya na aya aliendelea kumwona Asia akikunja mkeka uliokwisha kukunjwa.

"Mweupe au mweusi?" aliuliza.

"Bado mweupe. Kama kijivu."

"Twende."

Walipotokeza kwa Anwari, moshi ulikuwa umekaribia kuwa mweusi. Mkanda ulikatika getini, majani yakamwagika barabarani yakiwaka ncha, na gari likaketi kwenye rimu yake mbele ya watu wote. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi chini ya turubai. Wanawake walikuwa nyuma ya nyumba, kimya, jambo ambalo Mwanaharusi hakuwahi kulikuta katika msiba wowote wa Unyakyusani, wa Mwislamu wala wa Mkristo. Hakuna aliyelia. Walikuwa kama watu wanaosubiri kuambiwa kama inaruhusiwa.

Anwari alisimama mlangoni. Alikuwa amekunja mikono ya kanzu mpaka kwenye viwiko, na nyuma yake ndoo mbili zilikuwa zikitoa mvuke.

"Mama umefika," alisema kwa heshima. "Nasikitika umejichosha. Nilikuwa ndiyo naingia."

"Umeniwekea maji. Mungu akulipe." Mwanaharusi alimgeukia Maalimu Maulidi, imamu wa kijiji, aliyekuwa kwenye benchi la mbele akizungusha tasbihi. "Maalimu, maiti akiusia mwosha wake, inakuwaje?"

Maalimu alimtazama Anwari kabla ya kujibu, na Mwanaharusi aliliona hilo. "Mume ana haki," alisema. "Lakini wasia nao... kama upo, ni vyema kuuheshimu."

"Ana shahidi gani?" aliuliza Anwari.

"Mimi," alisema Yusra, akitokeza pembeni mwa nyumba kutoka kwenye kundi la wanawake. Alikuja mbele. "Dada aliniambia. Akasema nikifa, mwiteni Bi Mwanaharusi, hata nikifa ghafla." Maneno ya mwisho yalipita kwenye mabenchi kama upepo, na vichwa vikainama.

Anwari alihama hatua moja, si zaidi, hata ikabidi Mwanaharusi ampite akimgusa bega.

Chumbani palikuwa na giza. Mwanaharusi alifungua dirisha, akamwomba Yusra ashike shuka kwa sitara kama inavyopasa, akajaza kopo lake la bluu. Alinuia. Akamfunua Asia uso, akamfunua shingo.

Yusra alitoa sauti ndogo.

Kichwani hapakuwa na jeraha la kuanguka. Shingoni palikuwa na alama nne upande huu na moja upande ule, na Mwanaharusi alipokaribisha mkono wake bila kugusa, alama zilikuwa pana kuliko vidole vyake. Mikononi, alipoifunua, palikuwa na nyingine za zamani, za manjano, za kijani, kila moja na mwezi wake.

Miaka ishirini na minane alikuwa ameona mengi na kuyazika yote. Alikuwa ameona makovu, mimba zisizosemwa, maradhi ya siri. Hakuwahi kusema moja. Alisimama na kopo limejaa, na maji hayakumwagika.

"Mama," alinong'ona Yusra, "si ulimwambia dada kwamba mwosha ni kaburi la kwanza?"

"Nilisema. Aibu ya maiti hufunikwa." Alimfunika Asia kanga mpaka kidevuni, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. "Hii si aibu yake."

Akatoka na kopo lake. Akavuta kigoda, akakiweka katikati ya mlango, akakikalia, kopo mapajani.

"Tayari?" aliuliza Maalimu.

"Simwoshi. Wala haoshwi na yeyote mpaka polisi wafike wamwone kama alivyo." Alisema bila kupaza sauti, lakini turubai zima lilisikia. "Mudathiri, nenda kituoni ukawalete; simu wataipuuza."

Mudathiri alitazama gari lake lililokaa kwenye rimu, majani yakifuka moshi getini. "Nitaenda na nini, Mama mkubwa?"

Pembeni, karibu na rundo la mbao, injini ya pikipiki ikaunguruma. Ezron alikuwa amekaa juu yake, kofia imefungwa. Hakumtazama mtu yeyote.

"Ezron," alisema Anwari. "Unakwenda wapi na pikipiki yangu?"

Ezron alisogea mbele kidogo kitini kumpa Mudathiri nafasi. Mudathiri akapanda. Waliondoka wakipita juu ya majani yanayoungua, na ukungu ukawameza kabla hawajafika kona.

Wanaume walianza kunyanyuka mmoja mmoja. Wengine walisogea kuelekea mlangoni, wengine kuelekea getini, na bado haikujulikana nani yuko upande gani. Anwari alikuja akachutama mbele ya kigoda, karibu sana, mikono ya kanzu ikiwa bado imekunjwa. Mwanaharusi aliangalia vidole vyake. Vilikuwa vipana.

"Gari lenu limekufa, mama," alisema kwa upole ule ule wa kwenye simu. "Polisi mbali, barabara mbaya. Hapa utarudije?"

"Sijasema narudi."

Nyuma ya nyumba, mwanamke mmoja alianza kulia. Akafuatia wa pili. Kisha wote, kwa sauti kubwa, kilio kilichokuwa kimezuiwa tangu alfajiri. Mwanaharusi alilishika kopo kwa mikono miwili. Maji yalikuwa yamepoa. Kutoka bondeni, ndani ya weupe, alisikia mlio wa pikipiki, lakini hakuweza kutambua kama ulikuwa ukienda au ukirudi.